Jina Chini ya Bakuli

Caney Fork, Kentucky
9 Februari 1997

Mdogo wangu Verna,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila baridi imegoma kuondoka na bomba la jikoni kwangu limepasuka tena. Shangazi Ova anakusalimu. Meno yake mapya yamemkaa vizuri, lakini anayavaa kanisani tu.

Naandika kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Tangu tulipokatiana simu kwa ajili ya zile bakuli za Mama tulisema iwe barua tu, maana kwenye barua mtu hupata nafasi ya kumeza tusi. Basi nameza.

Baba alikatwa kidole cha mguu tarehe 21 mwezi uliopita. Ni kile kidogo cha kushoto. Usipige kelele. Sikukuandikia mapema kwa sababu ungekuja mbio ukanikuta sijafua hata shuka. Kidonda kinapona. Ila daktari anasema kisukari kimepanda mno, na mwezi wa Juni atampima tena. Kikishuka, tumepona. Kisiposhuka, mguu wenyewe uko mashakani. Alinipa karatasi ya vyakula: samaki wabichi, matunda ya kila rangi, mafuta ya zeituni. Niliigeuza nione kama pesa zimebandikwa nyuma.

Siku yangu unaijua. Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye basi la shule nawakusanya watoto wa mabonde matatu. Saa tatu niko dukani kwenye kaunta, saa nane basi tena, mpaka saa kumi na moja jioni. Nikivuka kijito kwenda kwa Baba, mzee kashakaa mezani na uma mkononi. Nampikia kinachoiva kwa dakika ishirini: viazi vya kukaanga, skonzi za mafuta ya nguruwe, mchuzi mweupe wa soseji. Namtengea, halafu nakimbia kwangu kulala. Miaka tisa, tangu Mama afariki, na hajawahi kubakisha kitu. Sasa naambiwa ndicho kilichomla kidole.

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu.

Dada yako,
Delphia


Dayton, Ohio
23 Februari 1997

Dada Delphia,

Salamu na wewe, na pole ya bomba. Mimi mzima. Kule nyumba ya wazee wamenipa zamu mbili kwa siku chumba cha kufulia, kwa hiyo mikono yangu inanuka sabuni hata nikiwa kanisani. Bado naishi kwenye kile chumba kimoja, na jiko lenye plati mbili, moja haiwaki.

Toka tarehe 21 Januari hadi 9 Februari ni siku kumi na tisa. Binamu Lonzo alinipa pole ya kidole cha Baba kwenye maegesho ya kazini kwake, akidhani najua. Nikaitikia kama mtu anayejua. Wakati mwingine naona unafurahi kuwa naye peke yako. Haya, nimeshaandika, sifuti.

Tuje kwenye chakula. Pesa sina na muda sina, kama wewe, lakini sijakaanga kiazi mwaka wa pili huu. Sikiliza. Maharage makavu naloweka asubuhi nikienda kazini. Nikirudi nayamwaga kwenye chungu cha umeme, naweka kitunguu na maji, nalala. Kinapika chenyewe, nikiamka yameiva. Sukuma wiki nanunua ile iliyokatwa na kugandishwa. Ni rahisi kuliko mbichi na haiozi ikinisubiri. Kuku nachukua mapaja, vidari nawaachia wenye navyo. Mafuta ya nguruwe sitii kabisa. Kitunguu nakiunguza kidogo, mwishoni natia siki kijiko kimoja, na ulimi haujui kwamba umenyimwa. Jumapili moja nakuwa nimepika ya wiki nzima, nagawa, nagandisha. Siku za kazi napasha tu, dakika kumi.

Lonzo anakuja huko Ijumaa kumwona mama yake. Amebeba chungu cha umeme, nimekipata kwenye mnada wa kanisa, kinafanya kazi. Amebeba na boksi la barafu lenye bakuli nne za Mama, zile za maua ya bluu. Kila bakuli ni milo miwili ya Baba. Chini nimebandika jina langu kwa selotepu kama tulivyofundishwa, ili bakuli zirudi kwa mwenyewe.

Na kama huwezi, Dada, sema. Mpandishe Baba gari la Lonzo aje kwangu. Tutabanana.

Verna


Caney Fork
16 Machi 1997

Mdogo wangu Verna,

Salamu. Maua ya manjano yametokeza kando ya kaburi la Mama. Bomba limetengenezwa. Shangazi Ova ameangusha meno kwenye kisima cha jirani, lakini hiyo ni hadithi ya barua nyingine.

Chungu kimefika. Bakuli zimefika, za kwanza na zile nne za juzi. Asante.

Umeandika "kama huwezi". Verna, fimbo ya mbali haiui nyoka. Nani aliyeosha kile kidonda kila jioni? Nani anajua kwamba Baba hasikii sikio la kulia kabisa, na la kushoto linasikia akitaka? Wewe ulibeba bakuli zote kumi na mbili za Mama ukaenda nazo Ohio, ukaniachia sufuria lisilo na mpini. Sasa unamtaka na Baba. Ukipewa mkono, unataka na bega.

Anakula. Jumanne, maharage na sukuma wiki, alikomba bakuli kwa mkate wa mahindi niliompimia kipande kimoja, kisha akasema, "Hii nzuri." Unajua kwake hiyo ni hotuba. Akaongeza kwamba hajala maharage ya namna ile tangu Mama. Nikamwambia nina haraka, nikatoka nikaacha koti. Yeye akaenda kuosha vyombo. Unakumbuka hataki mtu mwingine aguse sinki yake.

Sasa kwa kuwa ni kupasha tu, nabaki na mimi nakula. Mezani tunakaa kama nusu saa hivi. Ananieleza mambo ya mgodini ambayo sikuwahi kuyasikia.

Ukitaka endelea kutuma, maadamu Lonzo anakuja hata hivyo.

Delphia


Dayton
6 Aprili 1997

Dada Delphia,

Hujambo? Mimi nina mafua lakini nasimama. Msalimie Shangazi na meno yake.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. "Hii nzuri." Alisema kwa sauti ipi? Alikuwa anakutazama, au anatazama bakuli? Uliponiambia amekumbuka maharage ya Mama nilikaa kwenye ndoo ya kufulia nikalia, msimamizi akadhani nimeungua.

Lakini hukuniambia alisema nini uliposema ni mimi niliyepika. Ulimwambia, sivyo?

Wewe una nusu saa naye kila jioni. Mimi nina picha moja, na kwenye picha hiyo amefumba macho. Naona wivu, Dada, sitaki kuremba. Naona wivu hadi kwa kiti unachokalia.

Nakutumia tena. Bakuli zangu nane ziko huko, kwa hiyo safari hii nimetia kwenye makopo ya aiskrimu: kuku na kabichi, supu ya dengu, na samaki wa kopo niliyemkanda na shayiri nikamtengeneza vitonge, atapenda. Mimi wiki hii nakula dengu tupu ili yake yatoshe. Asubuhi usimpe skonzi. Jioni weka shayiri na maziwa kwenye chupa ya jemu ndani ya friji, akiamka uji uko tayari, hata kiberiti hamjawasha. Na ile chai baridi ya sukari, imwage. Tia limau. Akikasirika mwambie ni mimi.

Chungu cha umeme unakitumiaje? Hujasema. Nirudishie bakuli.

Verna


Caney Fork
27 Aprili 1997

Mdogo wangu,

Salamu, na pole ya mafua. Jumapili hii watu walikuja kupamba makaburi. Kaburi la Mama lilipendeza. Tulipanga chakula kwenye meza ndefu nje ya kanisa kama kila mwaka, nami nilipeleka bakuli la maharage. Lilikwisha kabla ya kuku wa kukaanga wa mke wa mchungaji, na mke wa mchungaji aliliona.

Nampima Baba sukari kila asubuhi kwa kile kidude cha kutoboa kidole. Inashuka. Viatu vinamwingia. Juzi alitembea hadi kwenye sanduku la barua na kurudi bila fimbo.

Unauliza kama anajua. Baba anajua anachokula, Verna. Si mtoto.

Shangazi Ova alikula kwetu Alhamisi akasema, "Delphia, kumbe una mkono! Ulikuwa umeuficha wapi miaka yote?" Kuna maneno mtu huyaacha yapite.

Lonzo anakurudishia bakuli sita. Mbili bado zina chakula, zitafuata.

Chungu kipo.

Delphia


Dayton
4 Mei 1997

Delphia,

Leo sina salamu.

Nilifungua boksi la Lonzo nikazitoa bakuli moja moja. Nilipoigeuza ya tatu, chini kumeandikwa DELPHIA. Herufi zako, zile kubwa za kuandikia majina ya watoto wa basi. Na ya tano. Na ya sita. Kingo za selotepu yangu bado zimeng'ang'ania pembeni, hata kubandua hujui. Umebandua jina langu kwenye bakuli la Mama ukabandika lako, halafu ukasahau na kunirudishia!

Kwa hiyo "Hii nzuri" ilikuwa yako. Kumkumbuka Mama kulikuwa kwako. Ya meza ya kanisani yalikuwa yako, na mkono wa Shangazi ulikuwa wako. Mimi nimekula dengu tupu mwezi mzima ili wewe usifiwe. Njia ya mwongo fupi, na yako haikufika hata Ohio.

Situmi tena. Mpikie mwenyewe, mkono si unao. Chungu si "kipo". Na Juni wakimpima, isiposhuka, nakuja na Lonzo kumchukua, na usisimame mlangoni.

V.


Caney Fork
15 Juni 1997

Mdogo wangu Verna,

Salamu nyingi, hata kama huzitaki. Shule zimefungwa, basi limeegeshwa, sasa niko dukani kutwa. Barua hii nimeianza mara nne. Hii ya tano naipeleka hata ikiwa mbaya.

Ni kweli. Nilifanya.

Nikueleze ilivyoanza. Jioni ile ya kwanza niliweka bakuli lako mezani. Alikula, akasema, "Hii nzuri, Delphia." Mdomo nilikuwa nimeshaufungua niseme ni Verna. Nikaufunga. Miaka tisa, mdogo wangu! Miaka tisa ya skonzi na sikuwahi kuambiwa nzuri, hata siku moja. Sasa linakuja bakuli moja kutoka Ohio, limelala kwenye barafu, na linaambiwa. Wivu ulinitoa mbio, nikaacha hata koti. Kesho yake nikabandua jina lako kabla hajaosha vyombo. Baadaye ikawa mazoea. Kila bakuli nililobandua niliona namrudisha Baba upande wangu wa kijito.

Na chungu chako sikukitumia hata siku moja. Nilikisukuma nyuma ya kochi la Baba ndani ya boksi lake. Sikutaka kitu chako kichemke ndani ya nyumba ile.

Ulipoacha kutuma nilirudi kwenye viazi. Siku mbili. Sukari ikaruka, nikaiona kwenye kile kidude, na nikaona nakusogezea Baba kwa mikono yangu mwenyewe. Siku ya tatu nikavuka kijito nikiwa na kabichi kwapani, sijui hata nitaifanyaje, na kabla sijapanda baraza nikasikia harufu ya maharage.

Nikaingia. Chungu kiko juu ya meza, kimechomekwa. Baba amevaa miwani, amekaa mbele yake kama anayesubiri basi. Barua yako ya Februari imesimamishwa kwenye kopo la chumvi. Nilikuwa nimeisahau kwenye mfuko wa aproni, inaning'inia pale kwenye msumari tangu wakati ule. Alikuwa amepigia mstari kwa penseli pale uliposema "kinapika chenyewe".

Nikaona bora niseme. Nikamwambia, "Baba, yale maharage yote yalikuwa ya Verna. Tangu bakuli la kwanza. Mimi nilibandika jina langu."

Akajifanya hajasikia. Nikahamia upande wa sikio la kushoto nikarudia kwa kelele, nina hakika hata Shangazi kwake alisikia.

"Nani anaosha vyombo humu?" akaniuliza.

"Wewe."

"Sasa unadhani chini ya bakuli nani anapaona zaidi yangu? Na zile bakuli za maua si ziko Ohio? Zilikuja zenyewe kwa miguu?"

"Mbona hukusema?"

Akafunua chungu, akachungulia, akafunika. "Ningesema, ungeacha kukaa kula," akasema. "Ungerudi kule kunitengea na kukimbia. Na yule mwingine angejua nimejua, mngeanza tena habari za bakuli. Mimi mguu wangu unataka maharage, hautaki kesi."

Nimelia mbele yake, Verna. Alinipa taulo la vyombo.

Tangu siku hiyo anapika mwenyewe. Anapima maji kwa kikombe cha kunyolea ndevu. Alinikataza kusaidia, akasema nikae. Zahanati tulikwenda Jumanne. Sukari imeshuka! Daktari amesema mguu unabaki ulipo. Akauliza, akinitazama mimi, nani anampikia mzee. Nikatazama sakafu. Baba akajibu, "Mimi."

Na njiani akanipa ujumbe nikuandikie kama ulivyo: haji Dayton, na kwangu pia hahamii. Mtu anayejipikia, akasema, hachukuliwi na mtu.

Naomba unisamehe. Bado naona wivu, sitakudanganya, hata kwa mstari ule wa penseli chini ya maneno yako. Lakini ni wivu unaokaa chini sasa.

Lonzo anakuletea bakuli la saba. Limejaa. Usiligeuze kabla hujala.

Dada yako,
Delphia


Dayton
29 Juni 1997

Dada Delphia,

Salamu nyingi kwako, kwa Shangazi, na kwa Baba upande wa kushoto. Mimi sijambo. Wamenipunguzia zamu, na plati ya pili ya jiko imeanza kuwaka yenyewe, sijaigusa.

Bakuli limefika. Nimelipasha, nimekula nimesimama, maana nilishindwa kungoja kiti. Nikuambie ukweli: maharage yalikuwa magumu katikati. Siki ilikuwa ya watu sita. Sukuma wiki alitia na kipande cha karatasi ya pakiti. Nimekula yote mpaka nikalamba kijiko, kisha nikaligeuza.

HOBERT. Kwa penseli juu ya selotepu, herufi zimelala upande kama Baba alivyokuwa akisaini kitabu cha mgodi. Nimekaa sakafuni na bakuli mapajani, na maji ya siki yamenichuruzikia gauni la kazi. Baba yetu hajawahi kuchemsha hata yai, Delphia. Mama akilazwa hospitali, yeye alikuwa anakula biskuti za chumvi mpaka Mama arudi.

Kusamehe sijamaliza, ila nimeanza. Nitakuja Septemba, wiki nzima, na nitalala sebuleni kwako, si kwake. Bakuli za Mama nitazileta tugawane, sita kwa sita, kama tulivyopaswa kufanya siku ile.

Sasa nijibu jambo moja, na ulijibu upesi. Bakuli nane zilikuja huko. Sita zilirudi, hili ni la saba. Lonzo anasema la nane aliliona Jumapili mezani kwako, limejaa, linatoa moshi, na wewe umelikumbatia kwa mikono miwili.

Alikupikia wewe kwanza, au mimi? Na usinidanganye. Septemba nitaligeuza.

Mdogo wako,
Verna